Sasisho la Usalama Lisininyang'anye Zana Zangu za Kazi

Kila anayetafuta riziki yake kwenye kompyuta analijua lile tangazo dogo la pembeni mwa skrini linalosema kwamba masasisho yako tayari na mashine inahitaji kuzimwa na kuwashwa upya. Kwa miaka mingi tumefundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba tangazo hilo halipuuzwi, kwa sababu ndani ya sasisho mna viraka vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wangeweza kuyapitia. Ninachotaka kukizungumzia leo ni kile kingine kinachoingia pamoja na viraka hivyo: kitufe kilichoondolewa, menyu iliyohamishwa, uwezo uliokuwapo jana ambao leo haupo na mwenye kompyuta hakuulizwa. Hoja yangu ni moja. Viraka vya usalama na mabadiliko ya namna tunavyofanya kazi ni vitu viwili tofauti, na mtengenezaji anayevifunga fungu moja anamlazimisha mtumiaji kuchagua kati ya usalama wake na kazi yake, jambo ambalo kwa maoni yangu hana haki ya kulifanya.

Nianze na mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote, yaani upau wa kazi wa Windows. Upau huu, ule mstari wenye kitufe cha Start, vitufe vya programu zilizofunguliwa na saa, ulikuja na Windows 95 mwezi Agosti 1995, na tangu siku hizo mtumiaji aliweza kuuburuta na kuubandika upande wowote wa skrini: chini, juu, kushoto au kulia. Wengi hawakuwahi kuuhamisha, lakini waliouhamisha walikuwa na sababu zao. Skrini za kompyuta mpakato zilipoanza kuwa pana na fupi, hasa zile za pikseli 1366 kwa 768 ambazo mpaka leo zimejaa katika kompyuta za mtumba zinazouzwa mijini kwetu, kimo cha skrini ndicho kilichokuwa adimu. Anayeandika, anayefasiri, anayekagua jedwali refu la hesabu au anayesoma msimbo wa programu anahitaji kimo kuliko anavyohitaji upana. Akiuhamishia upau upande wa kushoto, ukurasa wake unapata mistari kadhaa zaidi, na madirisha yake yaliyo wazi yanapangika kwa kushuka, moja chini ya jingine, yakiwa na majina yanayosomeka.

Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021, na upau wake ulikuwa umeandikwa upya. Katika ukurasa rasmi wa sifa za mfumo huo, Microsoft yenyewe iliandika bayana kwamba mahali pekee panaporuhusiwa upau kukaa ni chini ya skrini. Uwezo uliodumu kwa miaka 26 ukawa umeondoka kwa sentensi moja. Upau wenyewe ukanenepa pia: kutoka pikseli 40 za Windows 10 hadi pikseli 48, ambazo kwenye skrini yenye kimo cha pikseli 768 ni zaidi ya asilimia 6 ya kimo chote, na mtumiaji hakupewa njia ya kawaida ya kuupunguza wala ya kuuhamishia pembeni.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kulikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao watu waliutumia bila hata kujua kwamba una jina. Unaishika faili kwa kipanya, unaiburuta hadi juu ya kitufe cha programu kwenye upau, unasubiri kidogo bila kuachia, dirisha la programu ile linainuka mbele yako, kisha unaidondosha faili ndani yake. Ndivyo karani anavyoambatisha picha kwenye barua pepe, ndivyo mpangaji wa kurasa anavyoingiza mchoro kwenye waraka, na mwalimu anavyoweka video kwenye somo. Mkono unafanya kazi hiyo wenyewe wakati akili inashughulika na jambo jingine. Katika toleo la kwanza la Windows 11, ukiifikisha faili juu ya upau ulionyeshwa alama ya mduara uliokatwa kwa mstari, ile ile inayotumika barabarani kukataza, na faili haikwenda popote. Vilevile mtumiaji hakuweza tena kuuambia upau usiyakusanye madirisha ya programu moja ndani ya aikoni moja. Mtu aliyekuwa na nyaraka sita wazi, ambaye jana aliona majina sita, leo aliona aikoni moja, na kila alipotaka kuhama kutoka waraka mmoja kwenda mwingine alilazimika kuikaribia aikoni ile, kusubiri vijipicha vitokeze, kuvichungua, ndipo achague. Ukibofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya kutafuta Task Manager, ile zana ya kuangalia na kufunga programu zilizokwama, nayo haikuwapo.

Nimetaja mambo haya moja moja kwa makusudi, kwa sababu yakitajwa kwa jumla huonekana madogo. Kila moja peke yake linakula sekunde chache. Lakini mtu anayehama kati ya madirisha tangu asubuhi hadi jioni anazilipa sekunde hizo kila mara, na kibaya zaidi anakatizwa mawazo, kwani inabidi afikirie chombo badala ya kufikiria kazi. Mfasiri aliyeishika sentensi ndefu kichwani akielekea kuiandika, kisha akalazimika kutafuta dirisha, akirudi huikuta sentensi imemtoka.

Baadhi ya uwezo huo ulirudishwa, na nadhani ni haki kusema hivyo. Kuburuta faili hadi kwenye upau kulirejea na toleo la 22H2 mnamo Septemba 2022, yaani takriban mwaka mmoja baadaye. Kuyatenganisha madirisha na kuyaonyesha majina kulirejea kuelekea mwishoni mwa 2023, miaka miwili baadaye. Upau wa pembeni ulikuwa bado haujarudi tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo, na hapo ndipo ninapoliona tatizo lote kwa uwazi. Mtu aliyebaki kwenye Windows 10 kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi aliambiwa kwamba viraka vya bure vya kila mwezi vimekwisha. Angeweza kujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, au ahamie mfumo ambao umemnyima zana aliyoizoea, kama mashine yake inakubalika kabisa, maana kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Hakuna aliyemwambia kwamba zana yake ilikuwa hatari kwa usalama. Ilikuwa tu haimo katika furushi jipya.

Sababu iliyotolewa na upande wa kampuni mwezi Aprili 2022 ilikuwa kwamba kuuhamisha upau hulazimisha programu zote zijipange upya kwenye skrini, kwamba kazi hiyo ni kubwa, na kwamba wanaoutaka uwezo huo ni wachache wakilinganishwa na wanaotaka mambo mengine. Siipuuzi sababu hiyo. Kuandika upya sehemu ya zamani ya mfumo ni kazi ngumu, na msimbo wa miaka ya tisini una gharama zake. Ninachokikataa ni mantiki ya uchache. Takwimu zinazokusanywa kutoka kwenye kompyuta za watumiaji zinaonyesha ni watu wangapi wanatumia kitu fulani, lakini hazionyeshi kitu hicho kina uzito gani kwa anayekitumia. Uwezo unaotumiwa na mtu mmoja kati ya mia kwa siku nzima, kila siku, ndio uti wa mgongo wa kazi ya mtu huyo. Tena kila mtu ana wa kwake: mmoja anautegemea upau wa pembeni, mwingine njia ya mkato ya kibodi, na mwingine menyu ambayo hakuna mwenzake anayeifungua. Ukiondoa kila kinachotumiwa na wachache, mwishowe utakuwa umemgusa karibu kila mtu, kwa sababu ni vigumu kumpata mtumiaji wa muda mrefu asiye na hata jambo moja analolifanya kwa namna yake. Isitoshe, wale wanaojali faragha hadi kuzima ukusanyaji wa takwimu hizo hawahesabiwi sawasawa.

Mantiki hiyo hiyo ilikuwa imeshajaribiwa mapema. Windows 8, iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2012, iliondoa kitufe cha Start na menyu yake kwenye eneokazi (desktop), baada ya kampuni kueleza kwamba takwimu zake zilionyesha watu wanaitumia menyu ile kidogo kuliko zamani. Kitufe kilirudi mwaka mmoja baadaye katika Windows 8.1, na menyu kamili ikarudi na Windows 10 mwezi Julai 2015. Miaka karibu mitatu ya usumbufu kwa kitu ambacho mwalimu yeyote wa kompyuta angeweza kuwaambia kwamba ndicho cha kwanza anachomfundisha mwanafunzi.

Wapo wasomaji watakaoniambia kwamba dawa ya yote haya ni kuhamia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Ninazipenda programu huria na ninaziamini, lakini kusema kwamba huko hakuna ugonjwa huu si kweli. GNOME 3, toleo la eneokazi linalotumika sana kwenye mfumo huria wa Linux, iliyotolewa Aprili 2011, iliondoa vitufe vya kushusha na kukuza dirisha, ikaondoa upau uliokuwa ukionyesha madirisha yaliyo wazi, na ikabadilisha namna nzima ya kufungua programu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani mwaka huohuo na akahamia Xfce, eneokazi jingine la Linux. Ni yeye ambaye katika kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, amesimamia kwa ukali kanuni kwamba badiliko lolote linaloharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi kwa mtumiaji ni kosa la kiini, si kosa la programu. Mwaka 2012 alimkaripia mtunzaji mmoja wa kiini kwa jambo hilo kwa maneno makali ambayo nisingependa kuyarudia hapa, ila kanuni yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Nasikitika kwamba kanuni inayolindwa hivyo chini kabisa ya mfumo hailindwi pale juu, mahali ambapo macho na mikono ya mtumiaji inafika.

Kisa cha Nautilus, programu ya GNOME ya kupangia faili, kinanigusa zaidi kwa sababu kinahusu jambo la kila siku. Zamani ulibonyeza F3, na dirisha likagawanyika pande mbili: kushoto folda moja, kulia folda nyingine, ukahamisha faili kutoka huku kwenda kule ukiziona zote mbili kwa pamoja. Pia uliandika herufi za mwanzo za jina la faili, na macho yako yakapelekwa moja kwa moja kwenye faili hiyo ndani ya folda uliyomo. Toleo la 3.6 la mwaka 2012 liliondoa ule mgawanyiko, na herufi ulizoziandika zikawa zinaanzisha utafutaji unaoingia hadi kwenye folda za ndani. Kwa mtu mwenye faili chache, huenda utafutaji ni bora. Kwa mtu mwenye folda ya mikataba iliyojipanga kwa miaka, ambaye anaijua faili yake na anataka tu kuifikia, huko ni kupelekwa asikotaka kwenda. Mwaka 2018, toleo la 3.28 liliondoa hata uwezo wa kuweka aikoni kwenye eneokazi.

Tofauti ya programu huria imo katika kilichofuata. Watu walikuwa na haki ya kuuchukua msimbo na kuuendeleza, na wakaitumia. MATE ilizaliwa mwaka 2011 ili kuendeleza GNOME 2 pale ilipoachwa. Linux Mint, watoaji wa toleo mojawapo la Linux, walitengeneza eneokazi la Cinnamon, kisha wakaichukua Nautilus ya zamani na kuigeuza Nemo, ambamo F3 bado inagawa dirisha pande mbili. Ubuntu 18.04, toleo jingine la Linux, ilibaki kwa makusudi na Nautilus ya 3.26, ingawa sehemu kubwa ya eneokazi lake ilikuwa ya 3.28, ili watumiaji wasipoteze aikoni zao. Huo ndio uungwana ninaouzungumzia: mtu fulani alikaa akajiuliza nani ataamka kesho akute kazi yake imevurugika, akachukua hatua kabla hajalalamikiwa. Katika Windows watu walijaribu kujisaidia kwa programu za nje kama ExplorerPatcher na StartAllBack, ambazo zinaurudisha upau wa zamani, lakini programu hizo hushikilia sehemu za ndani za mfumo ambazo hubadilika wakati wowote, na mwaka 2024 matoleo yake kadhaa yalizuiwa kwa sababu ya kutopatana na toleo lililokuwa likiandaliwa. Msaada wa namna hiyo haumpi mtu usingizi.

Kuna hali nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuihukumu, nayo ni pale uwezo unapoondolewa kwa sababu nzuri. Chini ya X11, mtambo wa zamani wa kuchora madirisha katika Linux, programu yoyote iliyofunguliwa ingeweza kusoma vitufe vyote unavyobonyeza na hata kujifanya ni wewe unayeandika. Huo ni mlango wazi kwa programu za kijasusi, na Wayland, mtambo mpya wa kuchukua nafasi ya X11 ulioanzishwa mwaka 2008, iliufunga. Lakini kupitia mlango huohuo ndiko zilikopita zana halali: programu zinazoandika nywila kwa niaba yako, zinazoendesha kazi za kurudiarudia, na zinazogeuza vifupisho kuwa maneno kamili.

Mimi ni mfasiri wa nyaraka, na nilikuwa na orodha ndefu ya vifupisho hivyo niliyoijenga pole pole. Nikiandika «jmt» ilitokea «Jamhuri ya Muungano wa Tanzania». Nikiandika «kmk» ilitokea «kwa mujibu wa kifungu». Katika nyaraka za kisheria maneno hayo hurudi katika kila aya, na faida yake si kasi peke yake, bali pia kwamba istilahi haikosewi tahajia wala haibadiliki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Baada ya sasisho kubwa la mfumo niliokuwa nikiutumia wakati huo, vifupisho vilibaki vifupisho. Hapakuwa na ujumbe wa kosa wala tangazo lolote. Niliandika «kmk» na mbele yangu ikabaki «kmk». Nilikuwa na kazi ya kukabidhi, nikaimaliza kwa kuandika kila kitu kwa mkono, na ndipo nilipoanza kusoma na kuelewa kilichotokea.

Nilipokielewa, niliikubali sababu. Sitaki programu yoyote isome vitufe vyangu bila ruhusa. Nilichokikosa ni mpangilio: kwanza ijengwe njia mpya salama ambayo zana halali zitaomba ruhusa na kupita, kisha watengenezaji wa zana hizo wapewe muda wa kuhamia, kisha mtumiaji aambiwe kwa lugha ya kawaida kwamba kitu fulani kitaacha kufanya kazi tarehe fulani, na mwisho kabisa mlango wa zamani ufungwe. Ukianza kwa kuufunga mlango, wale wanaoumia zaidi ni wenye njia chache mbadala, wakiwamo wasioona wanaotegemea programu za kuwasomea skrini, kwani programu hizo nazo zinahitaji kuvisikia vitufe kabla ya programu nyingine.

Sasa nirudi kwenye fungu. Hadi mwaka 2016 mtumiaji wa Windows 7 aliweza kuiona orodha ya viraka, akachukua kimoja na kuacha kingine. Mwezi Oktoba 2016 Microsoft iliubadilisha utaratibu huo kwa Windows 7 na 8.1, ikaanza kutoa viraka vya mwezi vikiwa fungu moja, kama ilivyokuwa ikifanya kwa Windows 10 tangu mwanzo. Utaratibu huo una manufaa ya kweli: kompyuta zote zinakuwa katika hali inayofanana, na ni rahisi kuzipima. Hasara yake ilionekana waziwazi mwaka 2021. Julai mwaka huo kulitangazwa tundu kubwa katika huduma ya kuchapisha ya Windows, lililojulikana kama PrintNightmare, na kampuni ikatoa viraka vya dharura. Tundu lenyewe lilikuwa la hatari, na haraka ile ilistahili. Lakini sasisho la Septemba lilipofika, ofisi nyingi zinazotumia printa moja kwa mtandao zilijikuta kompyuta haziwezi kuungana nayo, zikionyesha kosa lenye namba 0x0000011b. Mwezi Machi mwaka huohuo sasisho jingine lilikuwa limezifanya baadhi ya kompyuta zizimike kwa skrini ya bluu pale mtu alipojaribu tu kuchapisha.

Kwa mwenye steshenari karibu na chuo, ambaye asubuhi ana foleni ya wanafunzi wanaotaka ripoti za mafunzo kwa vitendo na barua za maombi ya kazi, printa ikinyamaza duka limefungwa. Mtu wa namna hiyo, na hata mafundi wa ofisi kubwa, walifanya lile ambalo yeyote angelifanya: waliliondoa sasisho zima. Pamoja na hitilafu ya kuchapisha wakaondoa viraka vyote vingine vya mwezi ule, kwa sababu havikutenganishika. Umemwita fundi abadilishe kitasa cha mlango, naye anaondoka na dirisha. Safari nyingine hutamwita, hata kitasa kikilegea. Ninawajua watu makini kabisa ambao wameahirisha masasisho kwa miezi kwa sababu ya hofu hiyo, na siwezi kuwalaumu, ingawa nina wasiwasi nao. Kila zana inayoondolewa bila taarifa inampa mtu sababu nyingine ya kukwepa viraka, na hasara ya hapo inatuangukia sote, kwa maana kompyuta moja iliyoambukizwa hutumika kuwashambulia wengine.

Kwamba mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa si ndoto, maana wapo wanaoyatenganisha. Debian, mradi unaotoa mfumo huria wa Linux, ndio mfano ninaoupenda. Toleo lao thabiti likishatoka, timu ya usalama huchukua marekebisho ya tundu lililogunduliwa na kuyarudisha ndani ya toleo lilelile la programu ambalo mtumiaji tayari analo, badala ya kumletea toleo jipya lenye sura mpya. Programu chache tu, kama vile vivinjari, hushughulikiwa kwa namna nyingine. Matokeo yake yanaonekana kwa mfano huu: GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadilisha namna viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea uwezo, vinavyoandikwa, kiasi kwamba viendelezi vyote vya zamani vilihitaji kurekebishwa ndipo vifanye kazi. Aliyekuwa na Debian 12, iliyotoka Juni 2023 ikiwa na GNOME 43, hakuguswa na jambo hilo. Aliendelea kupata viraka vya usalama huku viendelezi vyake vikifanya kazi vilevile, na Debian 13 ilipotoka Agosti 2025 alichagua mwenyewe siku ya kuhama, akiwa na muda wa kukagua kwanza nini kitabadilika.

Mozilla nao, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipoamua kuachana na viendelezi vya mtindo wa zamani katika Firefox 57 ya tarehe 14 Novemba 2017, walikuwa wametangaza nia hiyo tangu Agosti 2015, na waliotegemea viendelezi vile walibaki na toleo la usaidizi mrefu, namba 52, lililoendelea kupata viraka hadi 2018. Uamuzi wenyewe uliwaumiza wengi, na baadhi ya viendelezi havikurudi kamwe, lakini mtumiaji alipewa muda na alipewa mahali salama pa kukaa wakati akitafuta mbadala. Hata Microsoft wanalo toleo la Windows linaloitwa LTSC, ambalo hupata viraka kwa miaka mingi bila kubadilishiwa sifa. Ila limekusudiwa vifaa maalumu, kama vile vya hospitali na mashine za kutolea fedha, na huuzwa kwa taasisi. Mtu binafsi haliendei dukani akalinunua. Ninalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba wanaelewa vizuri umuhimu wa chombo kisichobadilika mikononi mwa anayekitumia. Naomba tu uelewa huo umfikie na karani.

Kwetu kuna gharama nyingine isiyoonekana na watengenezaji walio mbali. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kuwa la gigabaiti kadhaa, na watu wengi wanalipakua kwa bando la simu walilolinunua kwa fedha yao. Mtu anayelipia upakuaji ule, kisha akakuta amelipia kupoteza zana, ana haki ya kukasirika mara mbili. Lau viraka vya usalama vingekuja peke yake, vikiwa vidogo, wengi zaidi wangevichukua siku ileile vinapotoka.

Kwa upande wangu, sasa ninafanya kazi kwenye toleo thabiti la muda mrefu, na viraka vyake naviruhusu vijiweke vyenyewe. Mabadiliko ya toleo zima nayafanya baina ya kazi moja na nyingine, kamwe si katikati ya kazi, na kwanza nayajaribu kwenye kompyuta ya zamani niliyoihifadhi kwa ajili hiyo. Nimeandika kwenye karatasi orodha ya mambo ninayoyategemea: vifupisho, dirisha la faili lililogawanyika, njia za mkato za kibodi, printa, skana. Ninayapitia moja moja kwenye mashine ile ya majaribio. Likikosekana hata moja, sihami, na badala yake ninaandika taarifa ya hitilafu kwa watengenezaji: toleo nililotoka, toleo nililokwenda, kilichokuwa kikifanyika, kinachofanyika sasa, na kazi ipi inakwama. Taarifa za aina hiyo husomwa. Kitufe cha kuyatenganisha madirisha katika Windows 11 kilirudi baada ya watumiaji wengi mno kukiomba kwa kurudia rudia katika mfumo wa maoni wa kampuni hiyo. Nawaomba wasomaji wanaopoteza zana zao wasiishie kunung'unika na wenzao kazini. Waandike, kwa Kiingereza cha kawaida au kwa msaada wa anayekijua, na waeleze wanatumia nini, mara ngapi kwa siku, na kwa kazi gani, kwa sababu hayo ndiyo mambo ambayo takwimu za mitambo haziwezi kuyasema kwa niaba yao.